Mkwiro, Ngozi na Mkono: Uchambuzi wa Namna ya Kuchagua Vijiti vya Kupigia Ngoma

Mtu aingiaye katika duka la ala za muziki kwa nia ya kununua mikwiro, yaani vile vijiti viwili vya kupigia ngoma, aghalabu hupokewa na swali moja ambalo muuzaji hulihesabu kuwa ufunguo wa mambo yote, nalo ni kwamba anapiga muziki wa namna gani. Akijibu kuwa hupiga jazi hupewa vijiti vyembamba, akijibu kuwa hupiga roki hupewa vinene, na akijibu kuwa hupiga kanisani hupewa vya kati, kisha hulipa na kwenda zake akiamini kwamba jambo limekwisha. Shauri hilo si la uongo, maana limetokana na tajiriba ya watu wengi, walakini si kamili, kwa kuwa jina la mtindo ni muhtasari tu wa mambo matatu yaliyofichama nyuma yake: kitu kinachopigwa, kadiri ya sauti inayotakiwa mahali pale, na mkono wa yule apigaye. Makala haya yanakusudia kuyatoa mambo hayo matatu mafichoni na kuyapima kwa mifano ya Afrika, Ulaya na Amerika, ili ionekane kwamba ajuaye kuyauliza hatakuwa na haja kubwa ya kuuliza jina la mtindo, ilhali ajuaye jina la mtindo peke yake atakosea mara kwa mara.

Kabla ya unene na urefu kuna swali linalotangulia, nalo ni kama ngoma ile yahitaji mkwiro hata kidogo. Katika taarabu ya Unguja, ambayo kikundi chake mashuhuri cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, dumbaki na rika hupigwa kwa vidole na viganja, kwa sababu mpigaji hutaka kutoa katika ngozi moja mlio mzito wa kati, mlio mkali wa ukingoni, na mguso laini wa kuijaza nafasi iliyo baina yake. Hali kadhalika wanawake wa Kigogo huzibana ngoma za muheme mapajani na kuzipiga kwa mikono mitupu. Mkwiro hauyawezi hayo yote. Wenyewe huigusa ngozi mahali padogo sana kwa kitu kigumu, ukatoa mlio ulio wazi na wenye nguvu ambao kiganja hakiufikii, tena humwezesha mtu kupiga kwa muda mrefu bila ya kuchubuka. Kwa hiyo auchukuaye mkwiro amefanya biashara: amenunua nguvu na uwazi wa sauti, na bei aliyolipa ni kupungukiwa na aina za mlio, na tafauti zote za mikwiro tutakazozitaja, za mti, za uzito, za umbo na za kichwa, ni juhudi za mafundi na wapigaji za kuirudisha sehemu ya bei hiyo.

Elimu hii haikuanzia madukani. Nchini Burundi, ngoma za kifalme, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, huchongwa katika gogo zima la mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, nazo hupigwa kwa jozi ya magongo mazito yaitwayo imirisho, kwa kuwa hupigwa uwanjani mbele ya umati, na kila moja katika kundi lile, ile ya katikati inayoongoza, zile zinazoshika mwendo usiobadilika na zile zinazomfuata kiongozi, yatakiwa isikike bila ya kumezwa na wenzake. Kaskazini ya hapo, ndani ya kasri ya Kabaka wa Buganda, kulikuwako ngoma za entenga, 15 kwa jumla, na 12 kati ya hizo zilikuwa zimelinganishwa sauti zipate kutoa nyimbo kamili. Wapigaji wake walitumia vijiti vyembamba vilivyopinda, maana gongo zito lingeuzima wimbo kwa kishindo. Ngoma zote mbili zilikuwa za wafalme, wala nchi zao haziko mbali, lakini kazi zilizotakiwa zilikuwa mbili, na mikwiro ikafuata kazi.

Ithibati iliyo wazi kuliko hiyo ni ya Waturuki wa dola ya Uthmaniya, ambao katika bendi zao za kijeshi waliikutanisha mikwiro miwili isiyofanana kabisa katika ngoma moja: mkono mmoja ulishika gongo nene la kupigia uso mmoja wa ngoma kubwa iitwayo davul, na mkono wa pili ukashika ufito mwembamba wa kuchapia uso wa pili, hata mtu mmoja akawa anatoa ngurumo na mchapo kwa pamoja. Watunzi wa Ulaya walivutwa na mlio huo, na Mozart akauingiza katika opera yake ya mwaka 1782, Die Entführung aus dem Serail, ambayo kisa chake chenyewe ni cha nchi ya Waturuki. Huko Punjab nako, mpigaji wa dholi hushika kijiti kizito kilichopinda kwa mkono mmoja na kijiti chembamba kwa mkono wa pili. Hapo hapana mitindo miwili ya muziki. Pana ngoma moja na mpigaji mmoja, na kilichotakiwa kutofautiana ni sauti, nao mkwiro ndio uliokabidhiwa kazi hiyo.

Sababu ya hayo yaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Nguvu ya pigo huongezeka sawasawa na uzito wa mkwiro, lakini kwa mwendo huongezeka kwa mraba wake, yaani uzito ukizidi mara mbili nguvu nayo huzidi mara mbili, bali mwendo ukizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Kwa hiyo wale wadhanio kwamba sauti kubwa haipatikani ila kwa kijiti kinene wameshika sehemu ndogo ya kweli, kwani kijiti chepesi kilichorushwa kwa kasi na mkono uliolegea chaweza kukishinda kijiti kizito kinachosukumwa na mkono uliokakamaa. Kile ambacho uzito hukibadili bila ya shaka ni tabia ya mlio: kijiti kizito hukaa juu ya ngozi kitambo kirefu zaidi kabla ya kuruka, kikatoa sauti nene yenye kina, ilhali chepesi huruka upesi na kuacha sauti kali na nyepesi. Basi uzito huchaguliwa kwanza kwa ajili ya rangi ya sauti, na kwa ajili ya ukubwa wake baadaye.

Uzito nao haukai mahali pamoja. Kila mkwiro una kitako upande wa nyuma, shina katikati, na bega linalopungua unene kuelekea kichwani. Bega likipungua polepole kwa urefu mwingi, uzito hubaki nyuma, na kijiti huitikia vidole kwa wepesi. Bega likiwa fupi, uzito husogea mbele, na kijiti huanguka kwa nguvu zaidi lakini huchelewa kugeuka. Vijiti viwili vyenye unene mmoja na urefu mmoja vyaweza kuwa na tabia mbili mbali mbali kwa sababu ya bega peke yake, na hili ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami, kwa kuwa halikuandikwa katika namba iliyochapwa juu ya kijiti.

Tukija kwenye mti wenyewe, mitatu ndiyo iliyoenea katika biashara. Wa kwanza ni hikori ya Marekani, mti ambao watu wa huko hutengenezea mipini ya shoka na nyundo, na sifa yake ni kuvumilia mshtuko, kiasi kwamba nyuzi zake huupokea mtikiso wa pigo kabla haujafika mkononi. Wa pili ni mepo, ulio mwepesi kuliko hikori, unaompa mpigaji kijiti kinene kisicho na uzito mwingi, ingawa huvunjika mapema kwa mtu apigaye kwa nguvu. Wa tatu ni mwaloni wa Japani, mzito na mgumu, uliopelekwa Marekani na kampuni ya Pro-Mark iliyoanzishwa Houston mwaka 1957. Msomaji wa kwetu huenda akauliza kwa nini mpingo, mti wenye fahari kuliko yote katika ala za muziki, usitumike. Jibu ni kwamba mpingo ni mzito hata huzama majini, nao hupasuka upesi upigwapo kwa mshtuko, kwa hiyo umewekewa klarineti na zumari, ambako ugumu wake ni faida na haukutani na kishindo.

Namba na herufi zilizochapwa juu ya vijiti zimewapoteza wengi, kwa kuwa hazifuati kanuni moja. Katika desturi ya zamani ya viwanda vya Marekani, herufi A ilikuwa ya okestra, B ya bendi, na S ya bendi za kutembea barabarani. Namba nayo, kinyume cha mtu atakavyotarajia, ilikuwa kubwa kwa kijiti chembamba na ndogo kwa kijiti kinene. Kwa vipimo vya kawaida, 7A ina unene wa takribani milimita 13.7 na urefu wa sentimita 39. 5A ina milimita 14.4 na sentimita 40 na nusu. 5B ina milimita 15.1 kwa urefu ule ule; na 2B ina milimita 16 na zaidi ya sentimita 41. Tafauti hizo zaonekana kuwa duni machoni, lakini mkono hauzidharau, maana kwa urefu ulio sawa 2B ina mti unaozidi ule wa 7A kwa zaidi ya theluthi moja. Fauka ya hayo, kila kiwanda hupima kwa rai yake, na 5A ya mmoja huwa si 5A ya mwenzake, kwa hiyo namba na iwe mwanzo wa uchunguzi, isiwe hukumu.

Kichwa cha mkwiro ni sehemu ndogo kuliko zote, bali katika matoazi ndicho kinenacho. Kichwa cha mviringo hugusa toazi mahali padogo, kikatoa mlio safi ulio sawa kwa kila pembe; kichwa chenye umbo la tone la maji hubadili mlio kadiri mkono unavyoinuka au kushuka; na kichwa cha umbo la pipa hugusa mahali papana, kikatoa sauti nene yenye nguvu. Kichwa cha mti hutoa mlio wa joto lakini huchakaa na kumeguka. Na kwa ajili ya dosari hiyo, Joe Calato wa Niagara Falls alibuni mwaka 1958 kichwa cha nailoni, ambacho hudumu na kung'arisha mlio wa toazi, ijapokuwa wako wapigaji wanaouona mng'aro huo kuwa mkali mno. Juu ya ngozi tafauti hiyo ni ndogo, na mtu asiyetegemea sana matoazi hana sababu ya kuhangaishwa nayo.

Kwa kuwa na mizani hiyo mkononi, sasa twaweza kuitazama mitindo yenyewe na kuona kama majina yake yanasema kweli. Jazi ilipogeuka katika miaka ya 1940, wapigaji wa New York kama Kenny Clarke na Max Roach waliuhamisha mwendo wa muziki kutoka ngoma kubwa ya mguuni wakauweka juu ya toazi, na tangu hapo mpigaji wa jazi amekuwa mtu asemaye na toazi usiku kucha, katika vyumba vidogo, kando ya besi isiyotiwa umeme. Toazi hutaka kichwa kidogo na kijiti chepesi ili kila pigo lisikike peke yake bila ya kuzamishwa na mvumo wa pigo lililotangulia, na hii ndiyo maana 7A na jamaa zake zikaitwa vijiti vya jazi. Lakini sababu ni toazi na chumba. Mpigaji wa jazi anayeongoza bendi kubwa yenye tarumbeta na trombone nyingi atahitaji kijiti kizito kuliko hicho, ingawa jina la muziki wake halikubadilika.

Roki ilizaliwa katika hali nyingine, ya gitaa za umeme na kumbi zilizozidi kupanuka, wakati vipaza sauti vya ngoma vilikuwa bado haba. John Bonham wa Led Zeppelin alitumia vijiti vinene vya 2A, na mlio wa ngoma zake, mpana na wenye kina, umeigwa kwa nusu karne. Leo kila ngoma jukwaani yaweza kuwekewa kipaza sauti chake, na kwa hivyo ile hoja ya ukubwa wa sauti imepungua nguvu. Iliyobaki ni hoja ya rangi ya sauti, kwani ngozi nene ya plastiki na ngoma yenye kipenyo kikubwa haziamki vema kwa kijiti chembamba. Mpigaji wa roki arekodiye studioni yafaa ajiulize kama anataka kina kile au anafuata tu desturi ya jukwaa.

Katika okestra ya Ulaya hali ni nyingine tena, kwa maana huko mtunzi mwenyewe huamuru mkwiro. Hector Berlioz, katika Symphonie fantastique ya mwaka 1830, aliandika wapi timpani zipigwe kwa mikwiro ya kichwa cha sponji na wapi kwa mikwiro ya mti, kwa sababu aliona kwamba ngoma moja ikibadilishiwa mkwiro huwa ngoma mpya. Kutoka katika mila hiyo ndiko alikotoka Vic Firth, mpigaji timpani wa Boston Symphony Orchestra, aliyeanza mwaka 1963 kujitengenezea mikwiro iliyomridhisha, na jina lake likaja kuenea katika maduka ya dunia. Yafaa kukumbuka kwamba vijiti vingi vinavyopigiwa roki na dansi leo vyatokana na karakana ya mtu ambaye shida yake ya kwanza ilikuwa ni kuzipata sauti laini za okestra.

Bendi za kijeshi na za mashindano zimekwenda upande wa pili. Ngoma zao za kubeba huwambwa nyuzi za Kevlar, zile zitumikazo pia katika fulana za kuzuia risasi, na kukazwa hata uso wake ukawa mgumu karibu na meza. Kijiti chembamba hapo hakidumu wala hakisikiki uwanjani, kwa hiyo hutumika kile chenye urefu wa karibu sentimita 43 na unene wa milimita 17 au 18. Pwani yetu ilijifunza ngoma ya namna hii mapema, tangu vijana wa Lamu na Mombasa walipoanza katika miaka ya 1890 kuigiza bendi za Wazungu katika ngoma ya beni, ambayo baadaye ilifika Dar es Salaam na bara kwa majina ya Marini na Arinoti.

Mitindo ya ngoma za kuchezewa yatufundisha jambo jingine, ambalo ni kwamba huenda kichwa cha mkwiro kisitumike kabisa. Mpigaji wa rege ashikaye mwendo wa pigo moja uliotukuzwa na Carlton Barrett wa The Wailers hukilaza kijiti juu ya ngozi na kuugonga ukingo wa chuma kwa shina lake, na wengi hukigeuza kitako kiende mbele ili mlio uwe mnene. Kwake yeye umbo la kichwa si kitu, bali unene wa shina ni kila kitu. Mpigaji wa timbale katika muziki wa Kilatini, wa aina ya Tito Puente, hutumia kijiti chembamba kilichonyooka, kisicho bega wala kichwa, kwa sababu hugonga ukingo, kengele na ubavu wa chuma wa ngoma kwa kadiri anavyoipiga ngozi. Na wapigaji wa Kongo, tangu Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa alipoueneza mwendo wa kavacha mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambao uliitawala dansi ya Kenya na Tanzania pia, wamekuwa na kazi ya kurudia mapigo mengi ya haraka kwenye snea au matoazi ya mguuni wakati wote wa sebene. Hao hutaka kijiti kirukacho chenyewe, maana aliyeshika gongo atakuwa amechoka kabla ya wachezaji.

Kanisani, ambako vijana wengi wa Afrika ya Mashariki huipata dramu yao ya kwanza, jina la mtindo halisaidii lolote, kwa kuwa kwaya hiyo hiyo huimba tenzi za taratibu na sebene la kusifu katika ibada moja. Kinachoamua hapo ni jengo: kuta za saruji na paa la mabati huzirudisha sauti zote, na waumini wa safu ya mbele huwa hatua chache kutoka kwenye matoazi. Badala ya kumgombeza mpigaji kila Jumapili apunguze kishindo, ni afadhali kumpa 7A, au mafungu ya vijiti vyembamba vya betula vilivyofungwa pamoja, ambayo hutoa sauti iliyo kati ya kijiti na brashi. Brashi za waya zenyewe zilianza kama vifaa vya kuulia nzi, wapigaji wa Marekani wakazichukua mwanzoni mwa karne ya 20 ili wapate kupiga polepole, na zimebaki kuwa njia iliyo bora ya kuisugua ngozi badala ya kuigonga.

Yamebaki mambo ya mkono. Kijiti chembamba kupita kiasi humlazimisha mtu mwenye kiganja kikubwa kukikaza vidole, na kukaza huko ndiko kuletako maumivu ya kifundo; kijiti kizito kupita kiasi humchosha mwenye mkono mdogo hata mapigo yake yakaanza kuchelewa. Maumivu yanayorudi kila baada ya kupiga ni dalili kwamba ama kijiti ama mshiko una kasoro, wala hayafai kuvumiliwa kwa kudhaniwa kuwa ni sehemu ya mazoezi. Wapo watakaosema kwamba mabingwa hutumia kijiti kimoja kwa kila muziki, nao wanasema kweli kwa kiasi fulani: Steve Gadd, aliyejulikana kwa kurekodi na waimbaji wengi wa pop na jazi, hutumia kijiti kilicho chembamba kidogo kuliko 5A katika kazi zake tafauti. Lakini bingwa wa namna hiyo huhamisha mshiko wake, hubadili pembe, hutumia bega mahali pa kichwa na kitako mahali pa bega. Kijiti ni kimoja, mikwiro ni mingi. Kama vile mwandishi wa hati za Kiarabu awezavyo kutoa mistari minene na myembamba kwa kalamu moja ya mwanzi, akiigeuza tu, ndivyo naye afanyavyo, walakini hata yeye kwanza aliichonga kalamu hiyo kwa kipimo cha mkono wake.

Kwa hiyo anayeanza na achukue 5A ya hikori yenye kichwa cha mti, kwa sababu iko katikati, na kutoka katikati ni rahisi kutambua upungufu uko upande gani. Dukani azungushe kila kijiti juu ya kioo au meza tambarare, na kile kinachoyumba akiache. Akitazame kama nyuzi za mti zimenyooka kutoka kitako hadi bega, maana nyuzi zilizokatika kwa mshazari ndipo kijiti kitakapovunjikia. Kisha avigonge viwili viwili kwa zamu na kusikiliza, kwani vijiti vya jozi moja visipolingana sauti, huenda hata uzito wake haulingani. Mkaazi wa pwani azingatie tena kwamba mti hunyonya unyevu wa hewa, ukaongezeka uzito na kupinda, basi asiviache vijiti sakafuni wala ndani ya gari lililoachwa juani.

Na muuzaji akiuliza muziki gani, mnunuzi na ajibu kwa mpangilio huu: kwanza aseme atapiga nini zaidi, ngozi, toazi au ukingo, pili aseme mahali pakoje na kama kuna vipaza sauti, tatu avishike vijiti vitatu vya uzito mbali mbali na kupiga navyo kwa dakika kadhaa, kila kimoja kwa zamu yake, mpaka mkono utoe rai yake. Jina la mtindo lije mwisho, kama shahidi wa kuthibitisha yaliyokwisha julikana. Nalo likipingana na mambo hayo matatu, hapana sababu ya kulifuata.